Chumba Kimoja au Viwili

Januari 9

Mpwa wangu Kijiko,

Salamu zangu zikukute umekula na umevaa kitu cha maana miguuni. Mimi mzima. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, ila sina muda wa kuusikiliza. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu sana, anauliza kama lile gauni alilokushonea siku ya kuondoka bado linakuingia au tayari umelifanya tambara.

Ningepiga simu, lakini masikio yangu unayajua. Miaka thelathini kando ya mashine ya kukorogea zege, sasa nikishika simu nasikia ngurumo tu, na kwa aibu naitikia ndiyo, ndiyo. Mwezi uliopita niliitikia hivyohivyo nikajikuta nimekubali kununua mbuzi. Barua naisoma mara tatu, naitia mfukoni, haikatiki.

Sasa neno lenyewe. Nyumba imeshuka. Watu wa barabara walikuja na mashine yao ya manjano. Mimi nilisimama ng'ambo nimevaa koti langu la kazi, kama vile na mimi ni mmoja wao. Nyumba niliyoijenga miaka miwili, ikakaa miaka ishirini na sita, waliiangusha kabla chai ya asubuhi haijapoa. Barabara imemeza ua wote wa mbele. Kilichobaki ni kiwanja chembamba huko nyuma, na lundo la kifusi linalonizidi kimo. Waliniuliza walipeleke wapi, nikawaambia kifusi hicho ni changu, wasikiguse.

Wewe kazi yako huko maabara ni kuvunja zege na kulipima. Niambie ukweli wa kitaalamu: zege la zamani likipondwa, linaweza kuwa kokoto ya zege jipya? Mafundi wenzangu wananicheka, wanasema nimeanza kuzeeka upande wa kichwa.

Na la pili. Kiwanja kinatosha chumba kimoja kwa raha, au viwili kwa kubanana. Mimi peke yangu kimoja kinanitosha na kubaki. Nijenge kimoja au viwili? Msingi lazima umwagwe kabla ya mvua za Oktoba.

Usijali kuhusu malazi. Fundi cherehani amenipa stoo yake, pazuri kabisa.

Mjomba wako


Februari 2

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na tisa. Mimi sijambo. Gauni linaingia, mwambie fundi cherehani. Wenzangu wa kazini ni watu wazuri, kila mwisho wa wiki kuna mwaliko, hata chumbani kwangu sikai.

Pole kwa nyumba. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, kwa hiyo nakwenda kwenye zege.

Waambie mafundi wako wacheke taratibu. Zege kuukuu linakubali kurudi kazini, ila lina kiu. Kila jiwe limevaa koti la saruji ya zamani, na koti hilo lina vitundu. Ukilichanganya likiwa kavu, litakunywa maji ya mchanganyiko, na saruji yako mpya itabaki na njaa. Ndiyo maana watu wanajaribu mara moja, linapasuka, wanasema kifusi hakifai.

Kwanza ondoa kila kisicho zege: mbao, vigae, matofali, na hasa plasta. Plasta ni laini, haina nguvu yoyote ya kumpa mtu. Kinachobaki kiponde hadi vipande vilingane na kidole gumba. Chekecha, vumbi lake weka kando, mchanga tumia wa mtoni. Kisha vizungushe vikavu kwenye mashine ya kukorogea, bila saruji, vigongane vivuane makoti. Osha. Loweka siku nzima, halafu tandaza juu ya gunia mpaka ngozi ikauke lakini ndani viwe vimeshiba.

Wakati wa kukoroga, anza na mawe, nusu ya maji na saruji kidogo, uyavishe koti jipya kwanza. Mchanga na saruji iliyobaki vifuate. Na tafadhali, mjomba, usiongeze maji kwa sababu tu koleo limekuwa zito. Nakujua.

Tengeneza michemraba miwili ya kujaribia, kila upande upana wa kiganja chako. Ilaze ndani ya maji siku ishirini na nane, kisha nitumie. Nitaivunja kwa mashine yetu nikwambie ina nguvu gani. Kwa msingi wako nataka mashine isome ishirini au zaidi.

Kijiko


Machi 28

Kijiko,

Marahaba mwanangu. Huku salama. Mbuzi alikuja kweli, nimempa fundi cherehani, sasa anamlia vitambaa vyake.

Nimefanya ulivyosema. Mafundi walikuja kunitazama nikiosha mawe kwenye beseni, mmoja akaniuliza kama nitayapaka na mafuta baadaye. Nikamwambia huyu aliyenielekeza, nilipokuwa najenga nyumba hii alikuwa mtoto wa kukaa chini, akiiba vijiko vya mama yake akorogee udongo pembeni yangu. Leo ana koti jeupe. Nyamaza.

Mikate yako miwili hiyo, inakuja na dereva wa lori anayepeleka mbao huko kwenu. Ni mtu mwaminifu, ila anaongea. Naiita mikate kwa sababu huyo dereva alipoibeba aliuliza nimeoka na nini.

Swali langu la pili umeliruka kama dimbwi. Kimoja au viwili? Nauliza kwa sababu ya kamba na vigingi tu, si kwa jambo jingine.

Mjomba


Mei 3

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Huku baridi inaanza polepole. Dereva alifika na mikate, hakuvunja hata pembe. Msalimie sana.

Wa kwanza ulisoma kumi na moja. Wa pili, tisa. Hiyo haitoshi hata ngazi ya mlangoni.

Nilishangaa, kwa sababu kwa nje kazi yako ni safi kuliko ya wanafunzi tunaoletewa hapa. Basi nikageuza vipande kutazama palipopasukia. Zege zuri linapasuka kwa shida, linalia. Hili liliachia kimyakimya kwenye mistari myeupe myembamba, na katikati ya mkate wa pili palikuwa na kipande cha plasta kikubwa kama sarafu. Upande mmoja kina rangi ya buluu.

Nilisema uondoe plasta yote. Nililiandika hilo mwanzoni kabisa.

Mkuu wa maabara aliniuliza mbona nimesimama na kipande mkononi wakati mashine inasubiri. Nikamwambia natafuta sababu ya kasoro. Ni ya chumba cha mama, sivyo? Tuliipaka mimi na yeye. Rangi aliikorogea kwenye karai lako, ukafoka siku nzima.

Chambua kifusi upya, mjomba. Plasta yote itoke. Kisha rudia kila kitu tangu mwanzo.

Kijiko


Mei 29

Kijiko,

Sijambo. Fundi cherehani hajambo. Mbuzi hajambo.

Unaniandikia kama vile mimi nimeanza ufundi jana. Nilijua plasta haifai. Nilikuwa nafahamu hilo kabla hujazaliwa. Yote niliitoa, nyeupe yote, ya sebuleni, ya jikoni, ya kwangu, nikairundika barabarani wakaizoa. Nilipofika kwenye hiyo ya buluu mkono ulikataa. Niliponda zege lake nikaiacha imeshika humohumo. Nikajisemea, kidogo tu, kitapita, nani atajua. Kumbe mikate naituma kwa mtu ambaye kazi yake ni kujua.

Ni dada yangu. Nilimjengea kile chumba aliporudi na wewe mgongoni na sanduku moja. Nilitaka awemo ndani ya kuta. Basi, nimesema.

Tumekaa na fundi cherehani siku tisa tunachokonoa kwa patasi na nyundo ndogo. Kila kipande tulikishika kwa mkono. Aliniambia nipumzike, na mimi sikupumzika. Imejaa mifuko miwili ya saruji. Mifuko iko hapa kwangu.

Nimeanza kuloweka upya. Mikate mipya itakuja ikishafikisha siku zake.

Na swali langu ungali unalikanyaga bila kulitazama.

Mjomba


Agosti 16

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Lori lilikaa mpakani wiki mbili, kisha nami nikakawia kwa sababu zangu.

Ishirini na nne. Na ishirini na tano. Nilirudia kusoma, nikamwita mkuu wa maabara naye asome. Alitaka kujua fundi huyu amesomea wapi. Ilipopasuka ilipiga kelele, mjomba, hadi waliokuwa chumba cha pili wakachungulia. Ndani hapakuwa na mstari mweupe hata mmoja.

Usishangilie bado. Nguvu ni jambo moja, kudumu ni jingine. Kipande kimoja nilikizamisha kwenye maji nione kinakunywa kiasi gani, na bado kinakunywa kuliko zege la kokoto mpya. Maji yakiingia yanafika kwenye chuma, chuma kikiota kutu kinavimba na kulipasua zege kutoka ndani, miaka kumi baadaye, wakati umeshasahau. Kwa hiyo nondo zako zifunikwe na zege la unene wa vidole vitatu, zisichungulie popote. Na ukimaliza kumwaga, lifunike kwa magunia mabichi wiki mbili nzima. Siyo siku tatu kama mnavyozoea.

Sasa jambo jingine. Dereva ameniambia hujalala kwenye stoo ya fundi cherehani hata siku moja. Amesema unalala kiwanjani, chini ya turubai, kando ya kifusi, na mifuko miwili umeiweka kichwani kama mto. Una miaka sitini na tatu. Ulinidanganya kwa mwandiko mzuri kabisa.

Kijiko


Septemba 14

Kijiko,

Marahaba. Mimi mzima, na turubai halivuji isipokuwa upande mmoja.

Ukiamua kumsikiliza dereva, msikilize wote. Mimi ameniambia kwamba alipokuletea mikate ulimkaribisha chai saa nane mchana, na hukumwacha aondoke hadi saa kumi na moja. Umemuuliza habari za mtaa mzima. Umemuuliza habari za mbuzi. Alipotaka kunyanyuka ulimmiminia kikombe kingine bila kumuuliza. Anasema kitanda kimoja, kiti kimoja, na yeye ndiye aliyekalia kiti. Anasema umekonda. Nilimuuliza kuhusu hao marafiki wa kila mwisho wa wiki, akaangalia pembeni. Kwa hiyo tusilaumiane, sote waongo.

Mawingu yameanza kukusanyika mapema mwaka huu. Jumamosi namwaga. Nimekuuliza Januari, nimekuuliza Machi, nimekuuliza Mei. Kutojibu nako ni kujibu, hata mimi kiziwi nalisikia hilo. Nimechimba msingi wa chumba kimoja.

Usiogope, sijakasirika. Ila ningependa uniambie wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako, badala ya kuniachia nikisie.

Mjomba


Oktoba 5

Mjomba,

Shikamoo. Sina salamu nyingine za kukupa, kwa sababu hakuna mtu huku wa kukusalimu. Wenzangu ni watu wa hujambo na kwaheri tu. Nimekaa hapa miaka minne na sijawahi kuingia ndani ya nyumba ya mtu yeyote. Jumapili nakwenda maabara ambako hakuna kazi, nageuza michemraba ndani ya maji, narudi.

Jibu ni kimoja. Wiki moja kabla ya barua yako ya kwanza kufika, nilitia saini kubaki miaka mitatu mingine. Kila ulipouliza nilikuwa nimeshajibu kwenye karatasi ya watu wengine. Ndiyo maana nilikuandikia kuhusu maji na mawe.

Na kuna lile ambalo hujawahi kuniuliza. Mama alipofariki nilikuandikia kwamba nimenyimwa ruhusa. Sikunyimwa. Nilikuwa na ruhusa ya siku kumi na tiketi. Nilifika kituoni, nikakaa kwenye benchi na mkoba magotini, basi likawasha injini, likaondoka, na mimi nikalitazama likiondoka. Niliona kwamba nisipofika, chumba cha buluu kitakuwa na mtu ndani. Niliendelea kuamini hivyo miaka miwili. Uliponiandikia nyumba imebomolewa, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Nilipata nafuu, mjomba, wakati wewe umesimama ng'ambo na koti lako la kazi. Hilo limenichoma mwaka mzima.

Kile kipande cha plasta sikukitupa. Kiko dirishani kwangu, upande wa buluu ukitazama ndani.

Jenga kimoja. Usinisubiri.

Kijiko


Novemba 1

Kijiko wangu,

Naandika nikiwa chini ya bati. Ndani kunanukia saruji mbichi. Mvua imenyesha siku nne na sakafu haijatoka jasho. Mafundi walewale wamekuja kuuliza habari za kuloweka, nimewafundisha kwa majivuno yote niliyonayo. Magunia nilimwagilia wiki mbili, sikuibia hata siku moja. Ile mifuko miwili ipo kwenye kona, mikavu, na kitanda changu kipo kando yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu kama kawaida, kisha nikaisoma ya nne.

Nilijua hukunyimwa ruhusa. Nani ananyimwa ruhusa ya kumzika mama yake? Sikuuliza kwa sababu niliogopa ukiona aibu utaacha kuandika, na wewe ndiye mtu pekee ninayeandikiana naye duniani. Nilichagua barua kuliko ukweli. Siku ile kaburini niliweka udongo mara mbili, mara ya pili kwa ajili yako. Liishe hilo.

Sasa niungame na mimi. Nimejenga kimoja, sikudanganya. Lakini upande unaotazama kiwanja kilichobaki, mkanda wa zege juu ya msingi haukuishia pale ukuta unapoishia. Nimeacha nondo nne nje, zimechomoza shubiri mbili. Najua ulisema zisichungulie popote, ila mwashi yeyote huacha hivyo akiwa hajafunga hesabu na kiwanja. Fundi cherehani aliuliza kama ni za kuanikia nguo, na kabla sijajibu alishaanika.

Miaka mitatu ni mingi kwa chuma kukaa nje. Kwa hiyo nimezipaka oili chafu, dereva kanipa kopo zima, na kila mwezi nitapaka tena. Usizichukulie kama swali. Nimeacha kuuliza. Nimeziacha tu, kwa kuwa mkono ulikataa kuzikata.

Mjomba wako


Novemba 24

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo tu, kwa sababu hili ni la haraka.

Acha oili. Usizipake tena hata mara moja. Chukua kitambaa na sabuni ya unga, sugua kila nondo mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha brashi ya waya, kisha sabuni tena. Zikishakauka, koroga saruji na maji iwe kama uji mwepesi, uzipake huo. Rudia kila ukiona umebanduka. Saruji italinda chuma na kutu vizuri kuliko oili, na siku ya kuendeleza utaigonga kwa nyundo itoke.

Shubiri mbili zinatosha, nimepiga hesabu. Uso wa mkanda pale mwisho uparuze kwa patasi sasa hivi, kabla zege halijawa gumu zaidi, uwe na makovu, usiwe laini. Na mwambie fundi cherehani aanike nguo kwingine.

Oili inakinga kutu, ni kweli. Lakini zege jipya likimwagwa juu ya chuma chenye oili, haliwezi kukishika. Linakaa kando yake tu, na siku likibebeshwa uzito linaachia.

Nataka lishike.

Kijiko